Propela ya Alumini au ya Feleji?

Propela ya lori, yaani ule mhimili mrefu ulalao chini ya chesisi na kupokea nguvu za injini kutoka gia boksi ili kuzifikisha kwenye difu, ni chombo ambacho mwenye gari aghalabu hakikumbuki mpaka siku kinapoanza kutetemeka, na kwa kuwa siku hiyo huwa ni siku ya haraka na gharama, uamuzi unaofanywa juu yake huwa wa papara. Ndipo mwenye lori, akisikia kwamba Marekani ziko pikapu zitokazo kiwandani na propela za alumini, hujiuliza kama naye asiiache feleji aliyoizoea, maadamu inajulikana kwamba uzani wa alumini ni kiasi cha thuluthi ya uzani wa feleji.

Hoja hiyo ya wepesi ndiyo itanguliayo, nayo kwa mtu wa malori ndiyo dhaifu kuliko zote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Basi hata tukikadiria kwa ukarimu kwamba alumini itampunguzia mwenye semi-trela kilo 50, kilo hizo mbele ya mizani ya Vigwaza au ya Mikese hazifiki sehemu moja katika elfu, na dereva akijaza tangi la dizeli amekwisha kuzirudisha na kuzidi. Wako wasemao kwamba uzito unaozunguka ni ghali kuliko uzito uliotulia, na wasema kweli. Walakini gharama ya uzito huo hukua kwa mraba wa umbali wake kutoka kitovu cha mzunguko, na bomba la propela liko karibu mno na kitovu chake, ilhali rimu na tairi ziko mbali. Atakaye gari liondoke kwa wepesi, na aanzie huko.

Ya pili ni hoja ya mwendo, na hapa pana jambo ambalo wauzaji hulisema nusu. Kila propela ina mwendo wake wa hatari, ambao ukifikiwa bomba huanza kujipinda katikati kama kamba ya kuruka izungushwayo na watoto, na lisipopunguzwa kasi hupasuka, likavunja na vilivyo jirani. Husemwa kwamba alumini huvumilia mwendo mkubwa zaidi. Lakini alumini, kama ilivyo thuluthi kwa uzani, ni thuluthi kwa ukakamavu pia, na thuluthi hizo mbili hufutana, hata mabomba mawili ya urefu mmoja na kipenyo kimoja, hili la alumini na lile la feleji, yakaufikia mwendo wa hatari karibu pamoja. Vinavyoamua ni urefu na kipenyo: ukiurefusha mhimili mara mbili, ukomo wake hushuka hadi robo, ukikipanua kipenyo mara mbili, ukomo hupanda mara mbili. Siri ya Wamarekani ndiyo hiyo, kwamba bomba la alumini laweza kufanywa la kipenyo kikubwa bila ya kuzielemea krosi, yaani maungio ya ncha zake, na hivyo kikapatikana kipande kimoja mahali ambapo feleji ingehitaji vipande viwili na senta beringi katikati.

Sasa lipelekeni jambo hilo Kitonga, mkoani Iringa, ambako lori litokalo bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hupanda mlima likitambaa. Hapo mwendo si hoja. Injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 2,000, ikiwa katika gia ambayo uwiano wake ni 12, huitwika propela nyutoni-mita 24,000, tukiuacha msuguano, na msokoto huo hudumu muda wote wa kupanda. Alumini yaweza kufanywa iuhimili, kwa kuinenepesha. Lakini wepesi ulionunuliwa kwa bei kubwa huanza kurudishwa kidogo kidogo kwa njia hiyo, na fauka ya hayo alumini, tofauti na feleji, haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki kabisa.

Kisha pana suala la fundi. Bomba la feleji likibonyezwa na jiwe, mwenye mashine ya kuchomelea na mashine ya kukereza hukata, huunga, hunyoosha na kusawazisha uzito, na mafundi wa namna hiyo hawaadimiki katika miji ya njia kuu. Alumini iitwayo 6061, itumiwayo sana kwa kazi hii, hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, na joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya nguvu hizo pembeni mwa mshono, hata kama fundi anayo gesi ya argoni na mkono mzuri. Na mkaazi wa pwani asidanganyike kwamba metali isiyoota kutu hailiki: alumini iguswapo na chuma penye maji ya chumvi huliwa, tena upesi.

Niseme pia kwamba mitetemo mingi inayosingiziwa metali ni ya mkono wa mtu. Fundi mwenye busara, kabla hajazichomoa splaini, yaani meno yanayounganisha vipande vya propela, hupiga alama ya chaki pande zote mbili, ili yoki, yaani mikono inayoshika krosi, zirudi katika mstari mmoja. Kwani krosi iliyoinama huharakisha na kuchelewesha mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili ndiyo irekebishayo kasoro ya ile ya kwanza.

Kwa lori, basi, mimi nachagua feleji bila ya kusita. Mwenye pikapu ndefu ya barabara ya lami, ambayo propela yake hupita mizunguko 3,000 kwa dakika, simlaumu akitaka alumini ya kipande kimoja. Ila ampelekee muuzaji uwiano wa difu, kipenyo kinachoweza kupita chini ya bodi, na urefu wa krosi hadi krosi, uliopimwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, maana likining'inizwa kwenye jeki springi hushuka na kipimo hubadilika.