Sonona na Simu ya Mkononi: Nani Yuko Upande wa Pili?

Msikilizaji, yapo maradhi yasiyoonekana katika kipimo cha damu wala picha ya eksirei. Mgonjwa hukosa raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda, usingizi humkimbia, chakula hakina ladha, na hata kuoga huwa mzigo. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, si huzuni ya kawaida tena, bali yaweza kuwa sonona. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 wanaishi nayo. Wengi hawafikii tiba, kwani wataalamu ni wachache, gharama ni kubwa, na aibu huwafunga mdomo. Lakini wengi wao simu ya mkononi wanayo.

Hiyo ndiyo sababu programu za simu za kuwasaidia zimeongezeka. Nyingi hufuata tiba ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kuyapima mawazo yake na kuzirudia kidogo kidogo shughuli alizoziacha.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vijana 70. Baadhi yao waliandikiana na Woebot, programu inayojibu ujumbe bila ya mtu nyuma yake, na wengine wakapewa kitabu cha kusoma. Baada ya wiki mbili, dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi miongoni mwa waliotumia Woebot. Hata hivyo, wiki mbili ni muda mfupi. Tena, tarehe 30 Juni 2025 programu hiyo ilifungwa, na waliozoea kuieleza yaliyo moyoni walilazimika kutafuta msaada kwingine.

Nchini Lebanon, iliyowapokea wakimbizi wengi kutoka Syria, WHO pamoja na wizara ya afya ya nchi hiyo walijaribu njia tofauti. Programu yao, Step-by-Step, yaani hatua kwa hatua, ina masomo matano. Ndani yake mhusika wa hadithi, aliyewahi kupitia sonona, anasimulia jinsi alivyoinuka: kuanza tena shughuli ndogo ndogo, kujituliza, na kuwarudia jamaa na marafiki. Zaidi ya hayo, mtumiaji hakuachwa peke yake. Kila wiki msaidizi aliyefunzwa, asiye daktari, aliwasiliana naye kwa takriban dakika 15.

Matokeo ya jaribio lililowahusisha Wasyria 569 yalichapishwa mwaka 2022. Waliopewa programu hiyo walipata nafuu zaidi kuliko wale waliopewa maelezo na kuelekezwa kliniki tu. Ni kweli kwamba wengi waliacha kabla ya kumaliza, na hiyo ndiyo kasoro ya programu nyingi za aina hii. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu tiba za intaneti nao umeonyesha kuwa zile zenye msaidizi wa kibinadamu hufanya vizuri zaidi, hasa kwa wenye sonona isiyo nyepesi.

Kwa hiyo, anayetaka kupakua programu ya namna hii ana maswali ya kuuliza kwanza. Imetengenezwa na nani? Siri zake zitahifadhiwa wapi? Akizidiwa, yuko mtu wa kumjibu? Na kwa anayefikiria kujiua, programu haitoshi hata kidogo; huyo asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Waswahili husema fulani "ana mawazo", kisha mazungumzo yakaishia hapo. Pengine hapo ndipo yangepaswa kuanzia. Dakika 15 kwa wiki, walizopewa wakimbizi wale na watu wasio madaktari, ni muda ambao ndugu au jirani anaweza kuutoa, akapiga simu, akauliza hali, na kusubiri jibu la kweli.