Fundi wa Kompyuta, Andika Kazi Yako

(Muziki wa kipindi unapungua)

Leo nazungumza na vijana wa kompyuta: wewe unayetengeneza simu sokoni, wewe unayechapa na kuprinti barua za watu, na wewe uliyemaliza kozi lakini cheti chako kimelala sandukuni.

Swali lenu ni hili: nitapandaje? Mwaka wa tatu sasa niko kwenye kibanda kilekile.

Wengi hujibu haraka: tafuta cheti kingine. Cheti ni kizuri, tusikidharau. Lakini mwajiri akiwa na vyeti 20 mezani, vyote vya kozi moja, atauliza: umefanya kazi gani? Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Kazi tumefanya, tena nyingi, ila hatukuiandika popote.

Kwa hiyo ndugu yangu, nunua daftari moja na kalamu. Kila kifaa kikifika mkononi mwako, andika mambo 5: tarehe, aina ya kifaa, mteja analalamikia nini, umekuta nini, na umefanya nini. Kwa mfano: "Simu haiingizi chaji. Nimesafisha sehemu ya kuchomekea, bado. Nimeibadilisha, sasa inachaji." Kama umeshindwa, andika umeshindwa wapi.

Kwenye mashirika na kampuni kubwa kuna dawati la msaada wa kompyuta. Mfanyakazi akipata tatizo, linaandikwa na kupewa namba. Fundi anaandika alichofanya, mpaka tatizo liishe. Wengi katika kazi hii huanzia dawati hilo. Sasa wewe mwenye daftari unafanya kazi kwa utaratibu uleule. Siku ya usaili hutasema tu "najua kompyuta." Utasema: nimeshughulikia matatizo haya, hili lilinisumbua siku mbili, na nililitatua hivi.

Baada ya miezi 3, fungua daftari uhesabu. Tatizo gani linarudi mara nyingi? Wapi unashindwa? Hapo ndipo pa kusoma zaidi. Chagua njia moja kwanza: kutengeneza vifaa, mitandao, au kuandika programu. Anayependa mitandao aanze na waya. Waya wa kawaida wa mtandao una nyaya ndogo 8, na rangi zake hupangwa kwa utaratibu maalumu. Ukizichanganya, kompyuta inaweza kukosa mtandao hata kama mashine ni mpya. Pia kipande kimoja kisizidi mita 100. Fundi anayeanza kukagua waya kabla ya kufungua mashine huokoa muda na pesa za watu.

Dada na kaka, jambo la pili ni siri ya mteja. Ndani ya simu ya mkimbizi kuna picha, ujumbe, na namba za ndugu waliobaki nyumbani. Zikitoka, mtu anaweza kudhurika. Usifungue picha, usinakili namba, na nywila ya mteja usiiandike daftarini. Jina lake pia si lazima. Weka namba tu. Fundi mwenye mdomo akipoteza imani ya watu, utaalamu wake hautamrudishia wateja.

La tatu ni sheria, na hazifanani. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kuajiriwa. Kenya kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na kibali cha kazi cha mkimbizi huitwa Daraja M. Tanzania, kutoka nje ya kambi kunahitaji ruhusa, na ajira inahitaji kibali. Kabla ya kusaini mkataba, uliza ofisi ya ushauri wa sheria iliyo karibu nawe.

La mwisho, sikilizeni vizuri. Vijana kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine wameahidiwa kazi za kompyuta Thailand, kisha wakavushwa mpaka Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mtu akikuahidi mshahara mnono bila kukuuliza unajua nini, akataka ada kwanza, au akaomba kukushikia hati zako, kataa. Mwajiri wa kweli atataka kujua kazi yako, na wewe utakuwa na daftari la kumwonyesha.

Wiki hii anza na ukurasa wa kwanza. Ukipata mtu anayeanza ufundi, mwonyeshe namna ya kuandika. Maswali yenu yaandikeni, myatie kwenye sanduku la kipindi, nasi tutayajibu wiki ijayo.



(Muziki wa kufunga)