Kumsimamisha Msafiri: Utalii Katika Mkoa wa Wakulima, Singida

Kila tunapozungumzia utalii wa Singida tunaupima kwa kipimo cha Serengeti, na kwa kipimo hicho mkoa unashindwa kabla haujaanza. Mada hii inadai kwamba mgeni wa kwanza wa Singida tayari yupo barabarani. Mji umekaa njiapanda: barabara ya kutoka Dodoma kwenda Nzega na Mwanza inakutana hapa na ile ya Babati na Arusha. Mabasi yanapita usiku na mchana, abiria wananunua kuku wa kienyeji na chupa ya asali, kisha safari inaendelea. Kazi yetu ni kumfanya abiria huyo alale usiku mmoja.

Sababu ya kulala ipo. Maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai, yako pembeni kabisa mwa mji, na mtu anaweza kuyafikia kwa miguu. Heroe wadogo huinamisha kichwa, mdomo ukageuka juu chini, wakichuja mwani mdogo sana unaostawi katika maji ya magadi. Nyuma yao yamerundikana majabali, na kuanzia Machi mashamba ya alizeti huchanua. Historia nayo haikosekani. Wanyaturu, wenyeji wa hapa, wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini unaitwa kwa jina lake. Wilayani Iramba kuna mgodi wa Sekenke: dhahabu ya mgodi huo ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani. Ni mambo ya kustaajabisha, lakini kibao cha kuyaeleza ni nadra.

Wapo watakaosema kwamba heroe wanahama. Ni kweli, huzaliana Ziwa Natron na hufuata chakula kutoka ziwa hadi ziwa, hivyo hakuna anayeweza kumwahidi mgeni kundi kubwa. Ndiyo maana hoja yangu haiwategemei ndege peke yao. Wengine watauliza kwa nini tusiyategemee mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Hayo yako mbali kusini na yamejengwa juu ya uwindaji wa kitalii. Mama lishe wa stendi hapati chochote kwa mwindaji anayetua kwa ndege ndogo porini. Pingamizi zito zaidi ni la mkulima, anayehofu kwamba neno utalii ni jina jipya la kunyang'anywa shamba. Hofu hiyo ina msingi katika nchi hii, na haijibiwi kwa maneno matamu. Lakini kinachohitajika hapa si hifadhi mpya. Kinahitajika kipande chembamba cha ufukwe kisicholimwa, ili mvua isisombe udongo hadi ziwani, na mkulima wa jirani awe ndiye anayeuza mafuta ya alizeti, asali na chakula cha jioni.

Kwa hiyo naomba semina hii izishauri halmashauri zianze na ufukwe mmoja wa Singidani: choo safi, kivuli, kibao chenye maelezo kwa Kiswahili, na vijana wa mtaa waliofunzwa kutaja majina ya ndege. Vyumba vya kulala mjini vipo tayari.