Maua ya Nchi Kavu: Tusiwapokonye Watoto Maji

(Mazungumzo mbele ya wanakisomo wa Kiwira)



Leo tunataka kuzungumza juu ya maua. Labda mtu atasema, "Maua hayaliwi, kwa nini tupoteze wakati?" Tunaomba atusikilize kwanza.

Sisi wa Kiwira hatujui shida ya maji. Nchi yetu ya Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukichomeka kijiti ardhini, kinachipua. Lakini watoto wetu wengi wameteremka. Wengine wako Usangu wanalima mpunga. Wengine wako Chunya kwenye dhahabu. Wengine wako Dodoma, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Dodoma hupata mvua kama milimita 600 tu, au pungufu. Mvua yenyewe huanza Desemba na kwisha Aprili. Miezi inayobaki ni jua na vumbi.

Kosa letu

Tulikwenda Dodoma kumsalimu binti yetu. Tulimchukulia zawadi ya maua kutoka nyumbani, yale meupe yanayopenda kukaa kando ya mfereji. Tukayapanda mbele ya mlango, tukafurahi. Tukarudi zetu Kiwira.

Kumbe tulimwachia mzigo! Kila jioni binti alimwagia ndoo nzima. Maji yenyewe aliyanunua. Siku moja maji yalikuwa haba, naye aliona haya kuiacha zawadi ya wazazi ife. Akamwagilia maua, na mtoto akalala bila kuoga. Mumewe aliposikia, akakasirika, wakagombana. Mwisho maua yalikufa vilevile. Aliyekosa si binti wala mumewe. Tuliokosa ni sisi, kwa kuwa hatukuuliza kwanza nchi ile inataka nini.

Maua gani yanafaa?

Basi tuliuliza, tukajifunza. Mmea wa nchi kavu una akili yake. Mwingine huweka akiba ya maji katika majani manene au shina nene. Mwingine una mizizi mirefu.

Kwanza, bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hupandwa kwa kukata kipande cha tawi. Ukishika, hauhitaji kubembelezwa. Ukiupa maji mengi mno huleta majani tu, maua yanakuwa machache. Ukiupanda ukutani hupendeza, na miiba yake inafaa kwa ua.

Pili, shubiri. Majani yake manene yana maji ndani. Hutoa maua mekundu au ya manjano, na ndege chozi huyafuata.

Tatu, vinka. Ni ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, asili yake Madagaska. Huchanua hata juani, na mbegu zake huota zenyewe. Madaktari hupata humo dawa ya kutibu saratani ya damu ya watoto. Lakini jamani, tusiyachemshe majani yake nyumbani! Dawa ile hutengenezwa kwa vipimo. Ukiyanywa hivihivi ni sumu.

Nne, alizeti. Watu wa Dodoma na Singida wanaifahamu sana. Ni ua la kupendeza, nyuki hulipenda, na mbegu zake hutoa mafuta. Yule aliyesema maua hayaliwi, jibu lake ndilo hilo.

Tujihadhari

Mimea mingine huvumilia jua lakini ina hatari. Oleanda ni sumu yote, tangu mizizi hadi ua. Minyaa hufaa kwa ua wa boma, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya sana. Lantana nayo ililetwa kama pambo, sasa imeingia porini na kuharibu malisho, na ng'ombe wakiila huugua. Penye watoto na mifugo, tusipande hiyo.

Namna ya kupanda

Panda mvua zinapoanza, si wakati wa kiangazi. Chimba shimo, changanya udongo na samadi iliyooza. Tengeneza kisahani kuzunguka shina ili maji yasikimbie. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, jua lisinyonye unyevu. Kwa miezi ya kwanza, mwagilia jioni, mara chache, lakini maji yazame. Tumia maji yaliyokwisha kuoshea mboga au vyombo, yasiwe na sabuni nyingi. Maji safi ni ya watu.

Maji yana safari

Tena tukumbuke jambo hili. Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Haukuwa ukikauka hivyo zamani. Maji yake yanategemewa na wakulima, na wanyama wa hifadhi, na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kila anayechota bila hesabu humpunguzia aliye chini yake. Bustani ya maua haiwezi kukausha mto, lakini mwenye kuhesabu ndoo nyumbani hujifunza kuhesabu maji shambani pia.

Basi, ukienda kumtembelea mwanao nchi kavu, usichukue ua la kando ya mfereji. Sisi safari ya pili tulimpelekea binti yetu kipande cha bogenvilia na mbegu za vinka. Mlango wake sasa unapendeza, na mtoto anaoga.



Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maua ya kwanza yalikufa?
2. Taja mimea miwili inayoweka akiba ya maji au kuvumilia jua.
3. Je, nyumbani kwako kuna mmea wenye sumu? Utafanya nini?