Urembo wa Pikipiki: Tununue Seti Moja kwa Steji Nzima?

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa waendeshaji bodaboda wa Bura, Kaunti Ndogo ya Mwatate.



Mmeniomba nizungumze kuhusu jambo ambalo limewagawanya: je, kila mwanachama anunue seti ya vifaa vya urembo vinavyofanana, rangi moja kwa steji nzima? Seti yenyewe ni gadi za mbele, kava ya kiti, vioo vya pembeni, mwavuli, taa za ziada na madigadi yenye jina la steji. Sikuja kuwaamulia. Nimekuja na maswali manne ya kujiuliza kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Kwanza niwatendee haki wanaosema tununue. Urembo si upuuzi. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, vijana wengi wameingia katika kazi hii na ushindani umekuwa mkali. Abiria anayeshuka hapa Bura akitokea Voi au Taveta anakuta pikipiki nyingi, na ataipanda ile iliyomvutia. Kizuri chajiuza. Tena mtu anayeitunza pikipiki yake huonekana kuwa mtu anayeiheshimu kazi.

Sasa maswali.

La kwanza: seti hii italipwa kwa siku ngapi za kazi? Tuchukue mfano wa hesabu. Seti ikiwa ni Sh9,000, nawe ukishatoa mafuta, mkopo au hesabu ya mwenye pikipiki, na chakula cha nyumbani, unabakiwa na Sh300 kwa siku, basi umenunua urembo kwa siku 30 za jasho lako. Wanachama wakiwa 30, hizo ni Sh270,000. Kila mtu aweke bei halisi na salio lake mwenyewe katika hesabu hiyo. Kisha ajiulize: tairi langu la nyuma likiisha wiki ijayo, au mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, pesa itatoka wapi? Kama jibu ni kukopa tena, seti ingoje.

La pili: pikipiki ni ya nani? Wengine hapa mnaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni. Ukifunga gadi na taa, kisha mwenyewe aichukue pikipiki yake, urembo wako umekwenda nayo. Zungumza naye kwanza, mwandikiane. Wengine pikipiki zenu bado ziko kwenye mkopo. Someni mkataba uone kama unaruhusu kubadilisha kitu chochote. Fundi akikata nyaya ovyo karibu na kile kifaa cha kufuatilia pikipiki, matata ni yako wala si ya fundi.

La tatu: kifaa hiki kinagusa nini? Kava ya kiti na madigadi hazina neno, mradi zisiguse gurudumu wala kuficha namba ya usajili. Taa za ziada ni jambo jingine. Zinakula umeme, na waya ukiunganishwa vibaya unaweza kuunguza nyaya zote au kukuachia giza usiku kwenye barabara ambayo ndovu huvuka. Taa ya mbele ibaki nyeupe na ya nyuma ibaki nyekundu, ili anayekuja ajue unaelekea wapi. Vioo vya urembo vilivyo vidogo mno havikuonyeshi lori lililo nyuma yako. Mwavuli hushika upepo, na ninyi mnaijua barabara hii ya Voi hadi Taveta: lori la kwenda Tanzania likikupita kwa kasi, pikipiki yenye mwavuli huyumba. Nanyi mnaoshuka kutoka milimani kuja Bura mnajua kwamba kila kilo ya ziada breki ndiyo huizuia, na breki ikipata moto sana hupoteza nguvu.

La nne: sheria inasemaje? Kanuni za NTSA za mwaka wa 2015 zinataka abiria mmoja tu, na kofia ya usalama na jaketi la kung'aa kwa mwendeshaji na kwa abiria pia. Ukibadilisha rangi ya pikipiki, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye logibuku. Rekodi ni lazima ibadilishwe, la sivyo utaeleza mengi barabarani.

Ndugu zangu, kufanana kunalipa. Swali ni kufanana kwa kitu gani. Kule Kampala, SafeBoda ilipoanza mwaka wa 2014, haikujitambulisha kwa gadi za kung'aa. Ilijulikana kwa kofia na jaketi za rangi ya machungwa, na kofia ya pili kwa ajili ya abiria. Rwanda nako, mwendeshaji huvaa jaketi lenye namba na hubeba kofia ya abiria. Mama anayempakia mtoto wake kwenda shule haangalii gadi. Anataka kujua huyu ni nani, ni wa steji gani, na mtoto atafika salama.

Kwa hiyo, mkiniuliza, nitasema mpange kwa zamu. Zamu ya kwanza ni kofia mbili na jaketi za rangi moja, zenye jina la steji na namba ya mwanachama. Ya pili ni vipuri vinavyokwisha: tairi, breki, cheni. Cheni mpya haifungwi juu ya sproketi zilizolika, kwa sababu italika haraka nayo. Nunua cheni na sproketi zote mbili pamoja. Hiyo ndiyo seti isiyongoja. Urembo uje wa tatu, kwa pesa iliyobaki, na asilazimishwe mtu kwa mchango wa kikundi.

Mkikubaliana kununua, ulizeni bei katika maduka matatu tofauti, Voi au Mwatate, na risiti akae nazo mweka hazina. Fungeni seti kwenye pikipiki moja kwanza. Iendeshwe mwezi mzima, mlimani na kwenye lami, mchana na usiku. Kisha mwenye pikipiki hiyo asimame hapa awaeleze kama abiria wameongezeka na kama pikipiki imetulia barabarani. Hapo mtapiga kura mkiwa na ushahidi.

Nawatakia safari njema, mwende na mrudi salama.