Kutenganisha Oksitosini na Molekuli Zinazofanana Nayo kwa Kromatografia ya Kimiminika

Oksitosini ni homoni inayoufanya mji wa mimba ubane baada ya mtoto kuzaliwa, na ndiyo maana sindano ya yuniti 10 za kimataifa ndiyo inayotangulizwa na Shirika la Afya Duniani katika kumkinga mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Kikemia ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, na mnyororo huo una asidi amino 9, ambapo 6 za mwanzo zimefungwa kuwa pete kwa daraja la atomi 2 za salfa na 3 zilizobaki huning'inia nje ya pete. Makala hii inahusu namna dawa hiyo inavyotenganishwa na molekuli zinazokaribiana nayo mno, na inatetea hoja moja, kwamba kiwango cha dawa kinachosomwa mashineni hakistahili kuaminiwa mpaka ithibitike kuwa mbinu iliyotumika ina uwezo wa kuitenga dawa nzima na ile iliyokwisha kuharibika.

Haja ya uthibitisho huo inatokana na tabia ya dawa yenyewe. Ampuli nyingi za oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, lakini umeme hukatika, na sanduku la dawa linaweza kusahaulika stoo katika joto la pwani. Dawa iliyoharibika kwa njia hiyo mara nyingi hubaki angavu vilevile, wala mkunga hawezi kuitambua kwa macho. Ndani ya ampuli, hata hivyo, mambo hubadilika: katika mmumunyo wenye asidi, maji huvishambulia vikundi vya amidi vilivyomo katika molekuli na kuvigeuza kuwa vikundi vya asidi huku amonia ikitoka, na badiliko hilo huongeza uzito wa molekuli kutoka takribani 1007 hadi 1008 tu; mmumunyo ukikaribia kutokuwa na asidi wala besi, daraja la salfa huvunjika na molekuli 2 zikaweza kushikamana. Zamani nguvu ya dawa ilipimwa kwa kuangalia kiasi inavyoshusha shinikizo la damu la kuku. Kipimo hicho kilieleza kama dawa inafanya kazi, lakini hakikuonyesha imeharibikaje.

Pengo hilo huzibwa na kromatografia, mbinu ya kutenganisha molekuli iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya Mikhail Tsvet juu ya rangi za mimea, na mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza wakaipa msingi wa nadharia uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Katika umbo linalotumika leo kwa peptidi, bomba la chuma lenye urefu wa milimita 150 au 250 na kipenyo cha ndani cha milimita 4.6, liitwalo safu, hujazwa chembe za silika zenye kipenyo cha mikromita 5 au pungufu, ambazo uso wake umefunikwa na minyororo ya kaboni 18 isiyopatana na maji. Hiyo ndiyo awamu tuli. Awamu tembezi ni maji yaliyochanganywa na asetonitrili, nayo husukumwa na pampu kwa shinikizo kubwa, kiasi kwamba kila molekuli hugawanya muda wake kati ya kung'ang'ania silika na kuchukuliwa na mkondo, na ile inayochukia maji zaidi ndiyo inayochelewa kutoka. Mwishoni mwa safu, kitambuzi hupima mwanga wa urujuanimno unaofyonzwa, aghalabu karibu na nanomita 220 ambako viungo vya peptidi hufyonza vizuri, na kila molekuli inapopita huchorwa kilele. Ampuli ya yuniti 10 ina takribani mikrogramu 17 za oksitosini katika mililita 1. Mikrolita 50 zikidungwa mashineni, kinachopita katika safu hakifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu.

Ugumu wa kutenganisha haulingani na tofauti inayoonekana katika mchoro wa molekuli. Vasopresini, homoni inayodhibiti maji mwilini, inatofautiana na oksitosini katika asidi amino ya 3 na ya 8, na kwa kuwa ile ya 8 hubeba chaji, hutoka mapema na kuachana na oksitosini bila shida. Oksitosini iliyopoteza kikundi kimoja cha amidi ndiyo inayosumbua. Awamu tembezi ikiwa na asidi kali, kama ilivyo pale inapotiwa asidi ya trifluoroasetiki kwa asilimia 0.1, kikundi kipya cha asidi hubaki bila chaji, na molekuli iliyoharibika inaweza kutoka karibu kabisa na ile nzima, vilele viwili vikionekana kimoja. Bafa ya fosfati yenye pH ya karibu 5 ikitumika badala yake, kikundi hicho hupata chaji hasi, molekuli huvutiwa zaidi na maji, na hutangulia kutoka. Ni badiliko dogo la kimiminika, lakini ndilo linaloamua kama ampuli iliyochakaa itahesabiwa kuwa nzima.

Asetonitrili nayo inahitaji uangalifu, kwa sababu muda wa peptidi kubaki katika safu hubadilika ghafla kiwango chake kikiongezwa au kupunguzwa hata kwa asilimia 1, hivyo kuchanganya kwa makadirio hakufai. Spektrometa ya uzito, ambayo hupima uzito wa molekuli moja kwa moja, husaidia sana inapounganishwa na safu, ila haiondoi haja ya kutenganisha: peptidi ambayo asidi amino yake moja imegeuka upande, kama taswira katika kioo, ina uzito uleule hasa, na safu ndiyo inayoweza kuibaini.

Kwa hiyo maabara inayopima oksitosini haina budi kuchukua sehemu ya dawa, kuipasha joto kwa makusudi mpaka iharibike, kisha kuipitisha katika safu ileile na kuonyesha kwamba kilele cha dawa kimepungua, vilele vipya vimejitokeza kando yake, na utengano kati ya vilele jirani haupungui 1.5, kiwango ambacho vilele vyenye ukubwa unaolingana huachana karibu kabisa. Mamlaka za dawa na bohari zinazonunua oksitosini kwa ajili ya wodi za wazazi zidai kromatogramu hiyo, yaani mchoro wa vilele hivyo, pamoja na cheti cha uchanganuzi, na cheti kitakacholetwa bila kromatogramu hiyo kirudishwe.