Basi Lisidanganye Kwenye Kioo
Mada ya Kamati Ndogo ya TEHAMA kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Mwaka huu tunaomba mchango kwa ajili ya somo moja la kompyuta: usalama barabarani kwa wanafunzi wa shule za msingi. Sababu mnaijua. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha inapita katikati ya mji. Watoto wetu wanavuka palepale wanapopita malori na mabasi ya mikoani.

Somo lenyewe ni picha jongefu. Mwanafunzi anaona basi linakuja kwa kilomita 80 kwa saa, mtoto anaingia barabarani, naye anagusa kioo ili kukanyaga breki. Kwa mwendo huo basi linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde 1 tu, mita hizo 22 zimekwisha kabla breki hazijaanza kazi. Ukimwambia mtoto kwa mdomo, atasahau. Akiona kwa macho yake basi linapitiliza, hatasahau.

Sasa tufike kwenye ugumu wake. Picha jongefu ni picha nyingi zilizosimama, zinazobadilishwa haraka hadi jicho linadhani kitu kinatembea. Vioo vingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo mashine ina milisekunde 16 na ushee kuchora kila picha. Baadhi ya simu mpya huonyesha 120. Kompyuta kuukuu inaweza kuishia 15.

Tuseme mtengenezaji ameiagiza programu isogeze basi sentimita 37 katika kila picha. Kwenye mashine ya picha 60, basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, sawasawa. Kwenye simu ya picha 120, linakimbia kilomita 160. Kwenye kompyuta ile kuukuu, linajikokota kilomita 20, mwendo wa baiskeli. Mtoto wa shule yenye vifaa duni anajifunza kwamba basi la mkoani linakwepeka kwa urahisi. Ndugu zangu, hilo si kosa dogo la kiufundi. Huyo mtoto kesho yuko barabarani.

Dawa yake ipo. Programu isihesabu picha, iulize saa. Kabla ya kuchora, ipime muda uliopita tangu picha ya mwisho, kisha isogeze basi kwa kadiri ya muda huo. Mashine dhaifu itaonyesha basi linalorukaruka kidogo, lakini litafika kituoni sekunde ileile. Na mtoto akitoka kwenye somo kwa sababu simu ya mzazi imeita, saa ya somo nayo isimame, la sivyo akirudi atakuta basi limeruka nusu barabara.

Yapo mengine mawili. Kwanza, mashine ikizidiwa, tupunguze mapambo: majani yanayotikisika, vivuli, vumbi. Basi na breki visiguswe. Pili, simu za Android, iPhone na kompyuta za Windows zina mpangilio wa kupunguza miondoko, kwa ajili ya watu wanaopata kizunguzungu. Programu yetu iuheshimu, na imwonyeshe mtoto huyo picha zilizosimama zenye vipimo vilevile. Tena kitu chochote kisimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, maana kumwekamweka kunaweza kumwamshia kifafa mwenye nacho.

Tunao mfano wa nchini mwetu. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Washindi, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini kule watoto wote walipewa kishikwambi cha aina moja. Kwetu, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi, kuna kompyuta za msaada, simu za wazazi na vishikwambi vya walimu, kila kimoja na tabia yake. Kinachotembea vizuri kwenye kimoja huenda kikagoma kwenye kingine. Hakuna njia ya mkato: lazima tujaribu kwenye kila aina.

Kwa hiyo maombi yetu ni matatu. Mosi, fedha za kuwalipa vijana wetu waliosomea kazi hii waikamilishe. Pili, vifaa vyenu vya zamani, hasa vile vizito mlivyovifungia kabatini, kwa sababu somo likienda vizuri kwenye hivyo litakwenda popote. Tatu, nauli ya kuwafikia walimu na kukaa na watoto wakati wanajaribu somo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Fomu ya ahadi imo ndani ya kijitabu hiki. Tunaomba kila mmoja aijaze kwa uwezo wake kabla hatujaachana.